Mbeba Lawama wa Fahari Court

Patrobas Luseno hakuwahi kumwibia mtu. Alipenda kulisema hilo mwenyewe, na hata waliopoteza mali zao mikononi mwake walikiri kwamba kweli hakuwaibia: walimpa. Walimpa wakitabasamu, wakamshika mkono kwa mikono miwili, na mmoja wa kule Kayole akamwongezea nauli ya kurudi. Kazi yake ilikuwa kutafuta mtu mwenye hofu na kumuuzia usingizi. Suti alikuwa nayo moja, ya kijivu. Ufahamu wa sheria aliupata kwa kuketi mahakamani mwaka baada ya mwaka, mara nyingine kama msikilizaji na mara nyingine kama mshtakiwa.

Asubuhi moja ya Januari alikuwa kwenye kibanda cha chakula katika mtaa wa Tena, Nairobi, anamaliza chapati kwa madondo na kuchelewesha kulipa, aliposikia meza ya nyuma yake ikigombana kwa sauti ya chini.

"Yule wa ghorofa ya tano amesema atatushtaki mmoja mmoja," alisema mwanaume. "Si kamati. Mmoja mmoja, kwa majina."

"Ataanza na nani?" aliuliza mwingine, mzee kwa sauti.

"Ataanza na mwenyekiti, bila shaka," alijibu mwanamke, kwa sauti tamu kama ya mtu anayeongoza maombi redioni. "Na mwenyekiti ni wewe, Mzee Muoki."

"Ndiyo maana nauliza."

Luseno aliacha kutafuna.

Hao watatu walikuwa kamati ya Fahari Court, jengo la ghorofa tano lililo upande wa pili wa barabara. Kila nyumba pale ina mwenyewe, lakini ngazi, lango, taa za nje, maegesho na tangi la maji juu ya paa ni vya wote. Na vitu vya wote, kama ijulikanavyo, hutunzwa na watu wa kujitolea. Kujitolea ni jambo tukufu. Mzee Muoki Ndete, karani mstaafu, alikuwa amejitolea kumpa mwenye lori mmoja sehemu mbili za maegesho ya wakaazi, na mwenye lori akawa anamshukuru kila mwisho wa mwezi. Ondiek, katibu, alijitolea kumtafuta fundi wa kujenga jukwaa la tangi, akampata haraka ajabu: shemeji yake, aliyekuwa hodari sana wa kuchomelea madirisha. Naye Mama Everline Mideva, mweka hazina, alinunua sabuni na balbu za court katika duka moja la Umoja ambalo aliliamini kabisa. Lilikuwa lake.

Luseno aligeuza kiti.

"Mniwie radhi," alisema. "Sikukusudia kusikiliza. Naitwa Wakili Patrobas, wa Taasisi ya Kinga kwa Viongozi wa Kujitolea."

Taasisi hiyo ilizaliwa papo hapo, kati ya meza mbili, na tayari ilikuwa na mkurugenzi.

"Mnalipwa kwa kazi hii?" akauliza.

"Hata ndururu," alisema Mzee Muoki.

"Hapo ndipo wengi hujidanganya. Mtu hudhani kwa kuwa halipwi, basi hashtakiki. Sheria haikuulizi mshahara wako, mzee wangu. Inakuuliza: ulikabidhiwa mali ya watu? Uliitunza kwa uangalifu? Ulijinufaisha? Uliambiwa kuna hatari ukanyamaza?"

Kwa kila swali, mmoja wao alipata kitu cha kutazama. Mzee Muoki alitazama kikombe. Ondiek alitazama barabara. Mama Everline alimtazama Luseno.

"Na ukipatikana ulizembea," aliendelea Luseno kwa huzuni ya daktari, "madalali hawaji kuchukua lango la court. Wanakuja kuchukua sofa yako."

"Sofa yangu bado ina nailoni," alinong'ona Mzee Muoki.

Jambo la kusikitisha ni kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli. Luseno alikuwa na desturi ya kuanza na ukweli, kama muuzaji anavyopanga nyanya nzuri juu ya debe. Zilizooza zilifuata. Taasisi yake, alieleza, ilikuwa na huduma ya kisasa iitwayo Mbeba Uwajibikaji. Kwa ada ndogo kutoka akaunti ya wakaazi, yeye binafsi angeubeba mzigo wote wa kisheria wa kamati. Wao wangeendelea na kazi yao njema. Lawama zingekuwa zake.

"Kwa hivyo likitokea jambo," alisema Mama Everline polepole, "ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Si sisi?"

"Nyinyi mtakuwa mmelala."

"Hata jambo lililoanza kabla hujaja?"

Wakili wa kweli, akisikia swali kama hilo, angelipa chai yake na kuondoka. Luseno alitabasamu.

"Mama, mbele ya sheria jambo halina siku ya kuzaliwa. Nikibeba, nimebeba yote."

Mama Everline akafumba macho, midomo ikitikisika. Luseno alidhani anapiga hesabu ya ada. Kumbe alikuwa anamshukuru Mungu.

Na Luseno, aliyesomea hofu za watu maisha yake yote, alisahau kuuliza kitu kimoja: hawa wanaogopa kushtakiwa kwa kosa gani?

*

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alikaribishwa kwa Mama Everline. Kulikuwa na chai ya maziwa, mandazi, na maombi marefu kiasi kwamba chai ilipoa.

"Wakili, kuna tatizo dogo," alisema mama huyo baada ya amina. "Katiba ya court haimtambui Mbeba Uwajibikaji. Tumeipekua yote. Inamtambua mwenyekiti."

"Mimi niko tayari kuachia kiti," alisema Mzee Muoki, "ingawa moyo ni mzito." Alilisema kwa uso wa mtu ambaye jino limeacha kumuuma.

"Na mwenyekiti," Mama Everline aliendelea, akimmiminia chai nyingine, "ndiye anayetia sahihi benki."

Luseno alikohoa ili asicheke. Alikuwa amekuja kuomba kijiko cha asali, na sasa anakabidhiwa mzinga. Alijifanya anasita. Alisema ana majukumu mengi. Alisema angependa kuomba juu ya jambo hilo, akainamisha kichwa muda wa kutosha kumeza andazi, kisha akakubali.

"Bwana asifiwe," alisema Mama Everline. "Sasa, mwenyekiti lazima awe mkaazi. Bahati nzuri mimi nina chumba pale chini, kando ya mapipa ya taka. Hakina mtu. Utanilipa kodi na amana, mambo ya kawaida tu."

Luseno akalipa. Ilimuuma, lakini mkulima hununua mbegu.

"Na benki wanataka kitambulisho."

Luseno alikuwa na vitambulisho vitatu, na viwili vilikuwa vizuri kuliko kile cha kweli. Lakini benki wana mashine zao, na alama za vidole hazibembelezwi. Aliiwazia ile akaunti: nyumba arobaini zikichanga kila mwezi, miaka yote hiyo. Basi kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi yake, Patrobas Luseno alitoa kitambulisho halisi chenye jina lake halisi. Mama Everline akakipiga picha pande zote mbili, akamrudishia kwa heshima.

Mkutano ulifanyika maegeshoni, kando ya lile lori. Mama Everline alimtambulisha mwenyekiti mpya kama jibu la maombi, na kwa upande wake hakusema uongo. Kabla ya kura, mwanamke mmoja mwembamba akasimama. Alikuwa Mbeti, karani wa kiwanda cha Industrial Area, anayeishi ghorofa ya tano pamoja na mama yake mzazi.

"Mimi sina neno na mgeni," alisema. "Nauliza tu habari ya dari yangu. Ufa umefika jikoni."

"Mambo ya dari, Mbeti, kuanzia leo ni ya mwenyekiti," alijibu Mama Everline kwa upole. "Mwenyekiti, sema neno."

Luseno akapanda juu ya kreti la soda. Dari! Angeahidi hata mbingu mpya.

"Ndugu zangu," alisema, "viongozi wengi hutafuta kiti, lawama zikija wanatafuta mlango. Mimi siko hivyo. Kuanzia leo, likitokea baya lolote hapa Fahari Court, msimsumbue Mzee Muoki. Msimsumbue mama wa watu. Nitafuteni mimi!"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mama Everline aliirekodi hotuba yote kwa simu, mwanzo hadi mwisho.

*

Karatasi za benki zilipokamilika, kila moja ikiwa imegongwa muhuri wa "Wakili Patrobas", Luseno alivaa suti yake na kwenda kuvuna. Alirudi mapema. Akaunti ya Fahari Court ilikuwa na pesa ambazo mtu hawezi kuziiba bila kujivunjia heshima. Miaka yote ya sabuni, balbu na mafundi wa ukoo ilikuwa imepita humo kama nzige, na Luseno, mbele ya dirisha la benki, alipatwa na hisia ngeni: alisikia uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Alimkuta Mbeti akimsubiri langoni na mwanaume mwenye kofia ya ujenzi.

"Mwenyekiti, huyu ni Injinia Matheka. Sisi wa ghorofa ya tano tulichangishana tukamlipa. Njoo uone."

Akapelekwa juu ya paa. Tangi jeusi, kubwa kama chumba cha kulala, lilikuwa limeketi juu ya jukwaa la vyuma. Miguu mitatu ya jukwaa ilisimama wima. Wa nne ulikuwa umeinama kama mlevi anayetafuta ukuta, na kutu ilikuwa imemla hadi ukiugusa unabaki na unga wa rangi ya chai mkononi. Chini yake sakafu ya paa ilikuwa imepasuka, na chini ya sakafu hiyo ndiko kulikuwa jikoni kwa Mbeti.

"Aliyechomelea hii ni fundi wa nini?" aliuliza Luseno.

"Madirisha," alisema Matheka. "Sasa nisikilize vizuri. Mfereji umekauka huku kwenu wiki kadhaa, ndiyo maana bado limesimama. Likiwa tupu linavumilia. Siku litakapojazwa, mimi sitaki kuwa hata kwenye barabara hii. Kamati yako niliiambia ana kwa ana mwezi wa kumi na moja. Wote watatu. Mama mmoja alinipa soda."

"Waliambiwa?"

"Waliambiwa. Na sasa nimekuambia wewe. Mtu akifa hapa nitaulizwa nani alijua, na mimi nina midomo. Wewe ndiye mwenyekiti, ama sivyo?"

Luseno alikuwa na majibu ya haraka kwa kila swali duniani. Kwa hili, aligeuka akatafuta ngazi.

Alishuka ngazi mbili mbili hadi mlangoni kwa Mama Everline.

"Mama, mlijua!"

"Tulijua nini, mwenyekiti wangu?"

"Tangi!"

"Aa, tangi." Alikuwa anachambua sukuma wiki, na hakuacha. "Wewe si ulituambia jambo halina siku ya kuzaliwa? Nilienda nikalala. Tangu Novemba sikuwa nimelala hivyo."

"Mama, ule mpango..." Luseno alitafuta neno, na neno lililokuja lilimwaibisha. "Ule mpango haukuwa wa kweli. Hakuna taasisi. Lawama haziuzwi hivyo."

"Najua, baba. Kwani mimi ni mtoto?" alisema Mama Everline kwa huruma. "Lakini kitambulisho ni cha kweli, au sio? Na kiti ni cha kweli. Na ile hotuba, jamani, mimi huiangalia nikiwa na mawazo."

Luseno hakukasirika mara moja. Ilimbidi kwanza aheshimu kazi ya fundi mwenzake.

*

Aliamua kuhama Jumamosi, watu wakiwa wametingwa na kazi za nyumbani. Alifunga begi, akavaa miwani ya jua, akatoka kama mtu anayekwenda kununua maziwa. Langoni akapishana na lori la maji lililokuwa linatoka, mipira yake imekunjwa, inadondosha.

"Niaje, chair!" dereva akapiga kelele. "Tumepeleka kazi! Pampu yetu inafika hadi paa. Tangi limejaa mpaka juu kabisa."

"Nani aliwaita?"

"Si ni wewe? Mathe wa duka, yule Mama Everline, alisema watu wamechoka kukaa bila maji, na mwenyekiti ndiye ameagiza."

Lori likaenda zake. Luseno alibaki na begi mkononi. Juu ya paa, tangi lilikuwa kimya. Kisha, polepole, likatoa mlio kama wa mlango mzee.

Hatua chache tu mbele kulikuwa na barabara, na barabara ile ilikuwa imemwokoa mara nyingi. Safari hii alijua haitamsaidia. Miaka yote alikuwa anakimbia na jina la uongo nyuma yake. Leo lililobaki nyuma lilikuwa lake mwenyewe, na sura yake juu ya kreti la soda ikiapa. Ndivyo alivyojieleza baadaye, kwamba aligeuka kwa sababu ya kitambulisho. Inawezekana. Mlinzi wa lango, aliyekuwa karibu, anasema aliona mtu ametazama kamba za nguo ghorofa ya tano, ametupa begi, na ameanza kukimbia.

"Fungua mifereji yote ya chini!" alimwambia mlinzi. "Yote! Maji yatoke!" Kisha akasimama katikati ya maegesho na kufanya jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo. Alisema ukweli.

"Tokeni nje! Tangi linaanguka! Shukeni wote!"

Vichwa vilijitokeza roshani baada ya roshani.

"Chair, maji yamekuja leo, halafu unataka tutoke?" aliuliza mama mmoja, mikono imejaa povu.

"Litaanguka! Injinia amesema!"

"Na lile begi langoni ni la nini?" kijana mmoja alicheka. "Buda, ukitaka kuiba panda tu. Kwangu hakuna kitu."

Wakacheka wote, wakarudi kwenye mabeseni. Luseno aliwatazama kwa uchungu wa kweli. Hivi ndivyo ukweli unavyopokewa. Basi nani atamlaumu mtu akichagua kazi nyingine? Akavuta pumzi, akanyoosha koti, na sauti yake ikarudi mahali pake pa siku zote.

"Haya, tangi tuliache," alisema. "Lakini nawaambia mapema msije mkanilaumu. Kuna kampuni mpya ya gesi iko hapo barabarani, inatafuta jina. Inagawa meko za bure. Mtungi na jiko lake! Kila nyumba moja, lakini sharti wote wa nyumba hiyo waonekane hapo nje, ng'ambo ya barabara. Asiyeonekana, nyumba yake haihesabiwi. Na ni wa kwanza kuja, wa kwanza kuchukua."

Ngazi za Fahari Court hazijawahi kushusha watu kwa kasi ile. Walishuka na povu mikononi, na watoto wakiwa na shampuu kichwani, mmoja akiwa na mwiko. Mzee Muoki alisahau viatu. Ondiek, ambaye hakuwahi kufika mkutano wowote kwa wakati, alikuwa ng'ambo kabla ya wengi kuinuka vitini. Lakini wa kwanza kabisa alikuwa Mama Everline, na mume wake, na watoto wake, na msichana wa kazi, na mpwa aliyekuja kutembea tu, akieleza kwamba familia yao ihesabiwe kama nyumba mbili.

"Wote wameshuka?" Luseno alimuuliza mlinzi.

"Susu hajashuka."

Susu, yaani bibi kwa Kikamba, ndivyo court nzima ilivyomwita Nthoki, mama yake Mbeti. Mbeti alikuwa kazini hadi saa saba. Luseno alitazama juu. Chuma kikalia tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Alikuwa ameshaanza kupanda.

Alimkuta bibi ameketi sebuleni, anasikiliza redio.

"Susu, twende! Kuna gesi ya bure!"

"Mimi hupikia makaa. Gesi inalipuka."

"Susu, tangi linaanguka!"

"Hilo nimelisema tangu mwaka jana. Kwani wewe ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Yule wa 'nitafuteni mimi'?"

"Huyo huyo."

"Tumekutafuta sana," alisema Susu Nthoki, akanyoosha mikono abebwe.

Akambeba mgongoni. Bibi hakuwa mzito, lakini alikuwa na mengi ya kusema: kwamba mabega yake yana mifupa, kwamba amesahau redio, kwamba wanaume wa siku hizi hawali. Walikuwa wamefika ghorofa ya tatu dunia ilipopasuka juu yao. Jengo lote lilitikisika. Vumbi likajaa ngazini kama moshi, halafu maji yakaja, yakishuka ngazi kwa ngazi na sufuria, masufuria ya Mbeti, yakigongana njiani. Luseno akashika ukuta kwa mkono mmoja na bibi kwa mwingine. Aligundua kwamba anaongea peke yake, anasema "tafadhali, tafadhali," bila kujua anamwambia nani.

Walipotokea nje wamelowa, weupe kwa vumbi, umati ulikuwa umekodolea macho paa. Juu, mahali palipokuwa jikoni kwa Mbeti, palikuwa na mbingu. Wanawake wawili walianza kulia. Yule kijana aliyecheka alikuja akampokea bibi. Susu Nthoki aliwekwa kwenye kiti, akafunikwa leso, akaomba chai.

Hapo ikasikika sauti tamu.

"Na meko?" aliuliza Mama Everline.

*

Polisi walipofika na kuuliza nani mwenyekiti, hakuna aliyehitaji kujibu. Mama Everline alikuwa tayari na video. Luseno alilala ndani ya seli siku mbili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na jina lingine la kuwapa.

Kesi ilipofika mahakamani, wale watatu walikuja na wakili wa kweli, wakaeleza kwamba wao walishakabidhi uwajibikaji wote, kwa hiari, mbele ya mashahidi. Video ikachezwa. Hakimu, mama wa makamo aliyekuwa na mafua, aliitazama hadi mwisho. Kisha akamsikiliza Injinia Matheka akieleza habari ya Novemba na ile soda. Mbeti naye akaeleza aliomba mara ngapi, na alivyorudi kutoka kazini akakuta kiti cha mama yake kimefunikwa na zege.

"Mwanikumbusha watoto wangu," aliwaambia hakimu wale watatu. "Mmoja akivunja kikombe anampa mdogo wake vipande ashike. Uwajibikaji haukabidhiwi hivyo. Mtu akitoka kitini, yale aliyoyafanya akiwa amekikalia hutoka naye. Mlijua, mkanyamaza, na kazi mkampa shemeji. Kwamba hamkulipwa mshahara hakuwasaidii. Hakuna aliyewalazimisha kujitolea, mliomba kura."

Waliamriwa kujenga upya kwa Mbeti, paa na tangi, kutoka mifukoni mwao. Lile lori la maegeshoni lilihamishwa. Sofa ya Mzee Muoki iliondoka ikiwa bado na nailoni. Mama Everline aliuza duka, akahamia upande wa Kaloleni, ambako nasikia wanamsifu sana kwa maombi yake na wanafikiria kumpa kazi ya hazina.

"Na wewe," hakimu alimgeukia Luseno. "Ulijiita wakili?"

"Mheshimiwa, ulimi uliteleza."

"Uliteleza ukiwa na muhuri, ulioutengeneza wapi?"

Hakimu alipekua karatasi zake, akapiga chafya, akamtazama tena.

"Kuhusu tangi, ulipojua ulichukua hatua, ingawa sijawahi kuona hatua ya namna ile. Kwa hilo sikuhukumu. Kwa kujiita wakili, nitakupa adhabu ya kutumikia jamii. Kuna mahali panahitaji mtu?"

Mbeti akainua mkono.

"Mheshimiwa, sisi tunaye mwenyekiti. Muhula wake ni miaka mitatu, na haujaisha."

"Mheshimiwa," Luseno alisema haraka, "jela ya Industrial Area sina neno nayo."

"Mwenyekiti," hakimu aliandika, "bila malipo. Kila mwezi afisa wa mahakama atakuja kuhakikisha upo."

Na yupo. Mbeti ndiye mweka hazina sasa, na hakuna shilingi inayotoka benki bila sahihi yake na macho yake. Anakagua hata bei ya balbu. Luseno amejifunza kutofautisha chuma cha kweli na cha kupakwa rangi, anajua jina la kila mtoto, na ameombwa mara mbili kusimamia posa. Juzi Jumapili mkutano ulianza saa nane mchana. Walijadili maji machafu ya ghorofa ya tatu yanayodondokea nguo za ghorofa ya pili. Walijadili jogoo wa nyumba namba tisa, na kama jogoo ni mnyama wa kufugwa au kelele. Walijadili nani aliyeegesha pikipiki ngazini, kwa hoja, majibu, machozi, na radhi zilizoombwa na kukataliwa. Jua lilikuwa limeanza kuzama upande wa mjini. Luseno, shingo imelegea, kwa sauti iliyowahi kuuza vitu ambavyo havikuwepo kwa watu waliovihitaji, aliuliza kama sasa wanaweza kufunga kwa maombi.

"Bado ajenda moja, mwenyekiti," alisema Mbeti, akasoma: "Mengineyo."

Mikono yote ikainuka.